Matroni Mwenye Haraka ya Kuitikia

Matroni wa bweni la wasichana ana viganja vipana vinavyonukia sabuni ya kufulia, na kwenye misa ana haraka kumshinda padre mwenyewe. Msomaji hajamaliza kusema "Neno la Bwana," yeye keshaitikia "Tumshukuru Mungu," na wasichana hoi kwa kicheko. "Mama, unakimbilia wapi?" humtania. "Mbinguni, wanangu. Nyie endeleeni kusinzia." Basi Jumapili moja akapanda kusoma msichana mmoja mwenye kigugumizi, ambaye wiki nzima matroni alikuwa akimsikiliza akijifunza somo kwenye kamba za kuanikia nguo. Akasoma pole pole, akayavuka majina yote magumu, mpaka mwisho kabisa: "Neno la B... B..." Itikio limeshamjaa matroni kinywani, lakini akilitoa tu, atakuwa amemnyang'anya mtoto neno lake. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akangoja. "Bwana," akasema msichana, na neno likatoka zima. Bweni zima likaitikia kwa mpigo mmoja, madirisha yakatetemeka. Matroni alikuwa bado anajifuta machozi. Akaja kuitikia peke yake, wenzake wameshamaliza, kwa sauti kubwa kuliko zote.