Beto Ikirara

Naikumbuka siku niliyomcheka mzee kwa sababu ya herufi moja, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia aibu inanipata. Jumatatu unaanza kazi ya ujenzi, shantiye kule Ndera, ndiyo maana nimekukalisha hapa jikoni. Weka simu chini, chai haikimbii.

Tulikuwa tunajenga nyumba ya ghorofa Kibagabaga, hapa hapa Kigali. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na Kiswahili changu kimenyooka, nabeba zege, beto kama wanavyoiita hapa, kichwani kwa karai. Siku hiyo mtu wa vaibreta, ile mashine ya kutoa hewa kwenye zege, yenye mpira mrefu na kichwa cha chuma kinachotetemeka, aliugua. Mzee Karoli, fundi mkuu wetu, akanipa mimi. Wanaume wakaguna! Nilijua nikiharibu narudi kwenye karai, na mwanamke mwingine hatapewa tena.

"Sikia, mwana we," akaniambia. "Ingiza wima, usiguse vyuma. Beto itatoa mapovu. Ngoja irare. Ikirara, unatoa pore pore."

Irare, badala ya ilale! Alipogeuka tu nikamwigiza mbele ya wenzangu: "Pore pore, irare!" Tukacheka mpaka machozi. Bila shaka alisikia, lakini alienda zake. Nami nikawa nachomeka na kuchomoa, nachomeka na kuchomoa, nguzo nne, ili waone nina mkono mwepesi. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo nani angeniambia?

Kesho yake tulipobandua mbao za nguzo, ya tatu ilinivua nguo. Chini, usawa wa goti, kokoto zimekaa uchi, na kati yake mashimo ya kuingiza kidole. Hewa ilibaki ndani kwa sababu sikuingoja itoke. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mimi nikaziba! Nikapaka saruji laini, nikalainisha kama shavu la mtoto, nikaenda kula.

Mzee Karoli alikuja na nyundo yake ndogo. Akagonga ya kwanza, ya pili, zikaitika vizuri. Ya tatu ikaitika kama debe. Akagonga tena, plasta yangu ikadondoka miguuni kwake. Hakupiga kelele.

"Juu ya hii itakuwa nini?" akaniuliza.

"Chumba, mzee."

"Cha nani?"

"Cha watoto."

"Sasa beto isiporara, watoto watarara wapi?"

Sikuicheka tena ile *r*. Nililia. Nguzo tuliivunja, na nyundo kubwa niliishika mimi mwenyewe, mbele ya wote. Nikangoja kuambiwa nirudi kwenye karai. Yeye akaniwekea mpira wa vaibreta mkononi: "Shika. Leo unajua kurara ni nini." Nikasimama juu ya nguzo mpya, nikatazama mapovu yakipanda, yakipungua, uso wa zege ukang'aa, ukatulia. Kumbe kweli ilikuwa imelala.

Kwa hiyo usitoe kabla mapovu hayajaisha. Wala usizidishe kwa woga. Ukikawia mno kokoto zinazama, maji yanapanda, juu unabaki uji usio na nguvu. Kichwa cha mashine kipenye kidogo kwenye tabaka la zege la chini, matabaka yashikane. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nguzo mbovu haimwangukii aliyeificha peke yake. Halafu usimcheke mtu kwa ulimi wake. Kigali hii kila mmoja kaja na Kiswahili chake, na mimi nilishika herufi nikaacha neno. Urumva? Unanielewa?

Haya, chai inapoa. Mungu abariki mikono yako, akulinde juu ya ngazi, akupe mzee wa kukugongea nguzo zako. Na kila nyumba utakayojenga, mwanangu, watoto wake warare.