Madaftari Saba ya Dorotea

Kila alfajiri, kabla hata hajanawa uso, Dorotea Machibya hupanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yao Igogo, akafuta umande kwa pindo la kitenge, akakaa na kutazama juu mpaka shingo imuume. Kikipita kinukta cheupe kisichopepesa, kinachokwenda moja kwa moja kama mtu aliyetumwa, hukiandika: tarehe, saa, kilikotokea, kilikozimikia. Kisha hushuka ziwani kusoma kipimo cha kina cha maji, kibarua anachokifanya mwaka wa kumi na tano sasa.

Kuzitambua setilaiti alifundishwa kidato cha nne, na mwalimu wa fizikia aliyewatoa bwenini kabla ya kengele. Wenzake walikumbuka baridi tu. Yeye alinunua daftari. Chuo kikuu alikikosa kwa alama moja, lakini madaftari yalifika saba.

Aliyefika chuo ni Winnie, binti wa mama yake mdogo. Dorotea ndiye aliyembeba mgongoni akampandisha jiweni na kumwonyesha setilaiti yake ya kwanza. Sasa Winnie alikuwa kwenye kamati inayoandaa mpango wa taifa wa kufuatilia setilaiti na kuhakikisha anga halijai takataka za vyombo vilivyokufa. Jirani yao, Suzana, alilitaja jambo hilo kila walipokutana bombani.

"Mdogo wako analipwa kutazama juu, Dorotea. Wewe unatazama bure, unaambulia mafua!"

Dorotea alicheka na wenzake. Kisha akajitwika ndoo yake kabla haijajaa.

Mwezi wa tano Winnie akaja mwenyewe, na begi la kompyuta begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni Dodoma hiyo. Dada, nimekuja na shida. Kamati inachagua pa kuweka darubini ya kufuatilia setilaiti. Hapa Mwanza hawataki kuiweka, wanasema ziwa lina mawingu. Nikiwaonyesha madaftari yako watanyamaza. Na jina lako litaingia kwenye mpango."

Jina lake kwenye mpango wa taifa! Dorotea hakukumbuka kama aliwahi kutaka kitu namna ile. Alimtolea madaftari yote saba. Ila alipomsikia Winnie akiongea na simu nje ya mlango, akisema "takwimu zangu za Mwanza", alitamani kutoka akamnyang'anye moja moja.

Jumatatu ya wiki ambayo kamati ingekutana Mwanza, Winnie alimletea jedwali lililochapwa.

"Pitia, dada. Ukiona kosa niambie. Alhamisi ndiyo naliwasilisha."

Kosa lilikuwa ukurasa wa kwanza, na wa pili, na kurasa zote. Dorotea aliandika saa kama watu wanavyozitaja: 11:20, yaani saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Kompyuta huanza kuhesabu saa kuanzia saa sita usiku, na Winnie alizinakili namba zilivyo bila kuondoa saa sita. Kwa jedwali lile, Dorotea alikuwa ameziona setilaiti saa tano na dakika ishirini asubuhi, jua likichoma mawe.

Alichukua kalamu. Akaiweka. Hayo ni mambo ya wasomi, alijiambia, wenyewe wataliona. Jumanne alifua. Jumatano Winnie alipiga simu.

"Naona uko kimya, dada. Nachukulia mambo ni sawa."

"Ni sawa kabisa," Dorotea alijibu, kwa sauti tamu kiasi kwamba mwenyewe aliishangaa.

Alhamisi alivaa gauni la kanisani akaenda kuketi viti vya nyuma kabisa vya ukumbi wa mkutano, pale Nyamagana. Winnie alizungumza vizuri, kwa kujiamini, na watu waliandika. Dorotea alimchukia kwa jinsi walivyokuwa wakiandika. Ndipo mhandisi mmoja wa kamati, mzee Abubakary, akasukuma miwani yake juu.

"Binti, huyu mwangalizi wako aliona setilaiti saa tano asubuhi? Kwa macho haya haya tuliyo nayo sisi?"

"Labda alihesabu yangeyange wakiruka!" mtu akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Winnie alifunua karatasi mbele, akafunua nyuma. Dorotea aliuonja utamu wa jambo lile, ukakaa ulimini kidogo tu.

"Anaitwa nani?" mzee alisoma chini ya jedwali. "Dorotea Machibya. Basi tumtoe. Rasimu ya mpango inafungwa leo, tuendelee na mkoa unaofuata."

Dorotea aliinuka nusu. Sentensi moja ingetosha. Lakini kuisema kulikuwa kueleza pia kwa nini hakuisema tangu Jumatatu, na watu walishaanza kugeuka kumtazama. Akakaa.

Baadaye walikutana ngazini. Winnie alikuwa amelikumbatia lile jedwali, macho mekundu.

"Saa sita, dada. Sikuondoa saa sita. Hata mtoto wa darasa la pili angeona." Kisha akainua uso, akamtazama Dorotea. "Wewe uliliona?"

"Nililiona Jumatatu," Dorotea alisema. "Nilitaka wakucheke."