Mimea ya Chemchemi na Mwandiko wa Zakaria

Siku yangu ya kwanza kazini nilikanyaga ua. Mtaalamu wa mimea, Mzungu mrefu tuliyemwita Shefu, alikuwa amesimama katikati ya maji ya chemchemi, juu kabisa ya Uvira. Akanitazama mguu.

"Inua kiatu," alisema. "Hilo ulilokanyaga ndilo tulilolifuata."

Nilikuwa nimemaliza shule muda mfupi kabla ya uhuru wa Kongo, na nilidhani kazi ya kituo cha utafiti ni ya kukaa mezani. Aliyeniokoa ni mbeba mizigo wetu, Zakaria, mtu wa milima ya Lemera aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Alichuchumaa, akasogeza majani ya kangaga, akaonyesha mche mwingine nyuma ya jiwe, wenye maua ya waridi na shina linaloonekana kama limejaa maji.

"Shefu, iko ingine hapa."

Tangu siku ile nilimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Yeye aliniita mudogo.

Ninyi mnaopiga ua picha kwa simu na kuendelea na safari, acheni niwaeleze tulivyofanya. Mmea ulichimbwa pamoja na mizizi yake, ukatikiswa udongo, ukalazwa ndani ya gazeti kuukuu. Magazeti yalibanwa kwenye presi, mbao mbili zinazofungwa kwa mikanda ya ngozi. Mimea ya chemchemi ina maji mengi, kwa hiyo karatasi tulizibadilisha asubuhi na jioni, la sivyo ilioza. Kisha kila mmea ulipata etiketi, kipande cha karatasi chenye jina la mahali, tarehe na rangi ya ua.

"Rangi iandikwe palepale," Shefu alikuwa akisema. "Ua likikauka linasema uongo."

Kuandika ilikuwa kazi yangu, nami nilichoka nayo upesi. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi ya kule juu. Ndipo nikamfundisha Zakaria kuandika. Sitajisifu kwa hilo, nilitaka tu anipunguzie etiketi. Alijifunza kwa kijiti kwenye tope la chemchemi, na msimu mmoja wa mvua ulipokwisha, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Akiandika, ulimi ulitokeza pembeni mwa mdomo.

Uhuru ulipokuja, Shefu alibaki. Maasi yalipokaribia, alifunga sanduku moja akavuka kwenda Burundi. Aliniachia ufunguo wa kituo na neno moja: "Endelea." Nami nikaendelea. Nilitaka atakayekuja baada yake anikute nikiwa mkuu wa mimea. Mvua zilipoanza nilimwambia Zakaria tupande. Alisita, akasema njia zimeharibika. Nikamwambia ni amri. Akachukua presi.

Tulikusanya siku tatu. Tuliposhuka bondeni, karibu na Runingu, tulikuta barieri ya waasi: gogo limelazwa njiani, vijana wenye bunduki, na wanakijiji wengi waliosimamishwa pembeni. Wakati ule mtu mwenye kalamu alihesabiwa mtu wa Wazungu, na wengi waliochukuliwa kwa sababu hiyo hawakurudi. Mkuu wao alifungua presi, akatoa etiketi.

"Hii makaratasi ni ya nani?"

"Ya muzungu alikimbia," nilisema.

"Na nani anaandika?"

Zakaria aliningoja nijibu. Nilisema, "Minye sijui. Minye ni mubebaji tu. Sikusoma."

Mkuu yule alinipa penseli. "Andika jina yako."

Niliishika kwa ngumi kama mtu anayesonga ugali, nikachora mistari isiyo na maana. Vijana walicheka. Kisha akampa Zakaria. Zakaria alinitazama kidogo, akafuta kiganja kwenye shati, akainama. Aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, ulimi umetokeza.

"Njo huyu anaandika," mkuu alisema. Kwangu akasema, "Weye, pita."

Nikapita. Nilitembea hadi Uvira bila kugeuka nyuma.

Walimwachia baada ya wiki kadhaa, walipoona hajui kuandika ila jina lake, majina ya mahali na rangi za maua. Lakini walikuwa wamemvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Nilizipata habari hizo kwa mwanamke aliyetoka Lemera kuuza maharage. Sikupanda kumwona.

Vita vilipotulia alikuja Direkta mpya wa kituo, Mkongomani mwenzetu. Akanipa cheo nilichokitaka. Siku moja aliuliza, "Yule mbeba mizigo wenu wa zamani iko wapi?"

"Aliacha kazi mwenyewe," nilijibu.

Nilitumika chini ya madirekta wengine wawili, hapa Uvira na kisha Bukavu, nikifundisha vijana kubana mimea. Walinisifu. Kila waliponisifu nilijifariji kwa jambo moja: kwamba Zakaria aliandika makusudi, ili mimi nipite.

Nilipostaafu ndipo nilipopanda Lemera. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti.

"Yaya, nimechelewa. Najua uliandika ili waniache."

Aliendelea kupukuchua mpaka likabaki gunzi tupu.

"Hapana, mudogo. Weye sikukufikiria. Watu walikuwa wengi pale, na minye nilikuwa sijaandika mbele ya watu hata siku moja. Nilitaka waone na minye najua."

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Na weye, uliyesoma miaka yote ile, ulijisikia namna gani kujifanya hujui?"

Mke wake alileta chai. Nilikunywa, nikaaga, nikashuka mlima.