Mluzi wa Jikoni

Dada yangu alianza kazi ya ziwani kwa kufagia. Ofisi ya hifadhi ilitaka mtu wa kuosha sakafu na kupika chai, naye alikuwa na mtoto mchanga na mume ambaye kibanda chake cha kutengeneza simu kilikuwa bado hakijapata wateja. Miaka ikapita, wakamwona hachoki kuwasikiliza ndege, wakampa mtumbwi na upondo awatembeze wageni kwenye matete.

Ndege wake hasa walikuwa vitwitwi, wale wadogo wa miguu mirefu wanaokuja kwa makundi kutoka nchi za baridi, wamekonda, wakitafuta tope laini la kujilisha. Kundi likifika huzunguka juu ya ziwa, halijiamini. Waliokwisha kutua huwaita wenzao: milio mitatu, wa mwisho ukishuka. Dada aliuiga mlio huo mpaka midomo ikapasuka. Siku kundi lilipogeuka angani na kuja kutua mbele ya mtumbwi wake, alirudi nyumbani macho mekundu.

"Wameniamini, mdogo wangu," alisema. "Wametoka huko kote, wakaniamini mimi."

Wenzake wakamwita Filimbi. Ziwani alikuwa mchoyo wa mluzi wake. Hakuwaita ndege mahali asipopajua. Nyumbani ndipo alipopiga ovyo, akiosha vyombo, akikunja nguo, akitafuta kiatu cha mtoto.

"Mke wangu, ipo siku watatua juu ya kabati," shemeji alikuwa akimtania.

Shemeji ni mtu wa kupendwa, lazima niseme hivyo. Ukiingia kwake unacheka kabla hujakaa. Jumapili moja nilikuwapo alipoleta simu jikoni na kuisogeza karibu na mdomo wa dada. "Piga ule wa kuwaita. Nataka ukinipigia simu nisikie unaniita mimi." Dada alipiga, akacheka, akapiga tena. Mimi nikasukuma mlango kuingia na ndoo, ukalia kama kawaida yake, na kijiko kikaanguka.

"Shemeji, umetuharibia studio!" alisema, tukacheka sote watatu.

Msimu uliofuata, asubuhi yenye ukungu, dada alikuwa peke yake mtumbwini akikagua njia ya wageni. Akasikia vitwitwi wakiitwa kutoka upande wa matete marefu, ambako hakuna tope wala chakula, kuna kina tu. Akazuia mtumbwi kwa upondo. Aliniambia baadaye kwamba alichofikiri kwanza ni kuwa kuna ndege amepotea, anawapoteza na wenzake. Kisha mlango ukalia. Kijiko kikaanguka. Mlio ukaanza upya.

Nyavu zilikuwa nyembamba, huzioni mpaka uzifikie, nazo zilikuwa zimejaa. Spika ndogo ilifungwa kwenye mti ndani ya mfuko wa plastiki. Alizikata nyavu kwa kisu, akawatoa waliokuwa hai mmoja mmoja. Wengi hawakuwa hai. Na muda wote ule, kwa sababu hakujua spika inazimwa wapi, sauti yake iliendelea kuwaita wengine.

Ofisini mkuu wa hifadhi aliiweka ile spika mezani, akaiwasha. Wote wakamtazama dada, kisha wakamgeukia mtunza vifaa, mtu mzima mpole aliyeshika funguo za chumba cha maonyesho. Humo ukutani mlikuwa na kitufe ambacho mgeni akikibonyeza anasikia mluzi wa Filimbi. Ukimwacha dada, hakuna ofisini aliyejua kwamba upo mluzi mwingine uliorekodiwa popote.

"Mimi sijampa mtu," mtunza vifaa alisema. "Filimbi, waambie. Si tunajuana mimi na wewe?"

Dada aliikodolea macho ile spika, hakumtetea. Alitaka kwanza kumsikia mume wake.

"Funguo ziache hapa mezani," mkuu alisema. "Kesho asubuhi tutalimaliza."

Jioni hiyo nilikuwa nimewatembelea. Shemeji alikuwa anakula.

"Baba watoto," dada alisema, hata mkoba hajautua, "ule mluzi ulionirekodi jikoni, nani mwingine anao?"

"Kwani kuna nini?"

"Nijibu."

Alitafuna polepole. "Watu wa kijiweni waliusikia simu ikilia, wakaupenda. Jamaa mmoja akaomba nimtumie."

"Jamaa gani?"

"Jamaa tu. Anauza nyama ya ndege." Alijaribu kucheka. "Mama, ni mluzi. Sikumpa kitanda chako."

"Ulijua anautakia nini?"

Shemeji akawa anakusanya punje za chakula mezani kwa kidole.

"Nakuuliza."

"Nilijua. Lakini hata senti sikuchukua, muulize yeyote. Nilimpa bure."

Nadhani alidhani amejitetea. Nilimtazama dada usoni, nikaona kwamba ingemuuma kidogo kuliko hivi kama mume wake angelipwa, tena vizuri. Angalau mluzi wake ungekuwa na thamani fulani machoni pa mumewe.

"Mtunza vifaa amenyang'anywa funguo," dada alisema. "Kesho wanamfukuza kwa ajili ya hili."

"Basi si..." Alisita. "Sisemi ni vizuri. Lakini ofisi nayo inao mluzi huo. Nani atajua huu ni upi? Wewe nyamaza tu. Yule amekaribia kustaafu, sisi tuna watoto."

"Na yeye ana watoto."

"Shemeji, msaidie dadako kufikiri, bwana."

Dada akamwomba mume wake jambo moja: waende pamoja, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, naye atasimama kando yake lolote litakalokuja. Shemeji alibisha, akajishika kichwa, mwishowe akaulegeza mwili wote. "Haya, mama. Twende wote. Nimekosa." Akamshika mkono. Dada alimpigia pasi shati la kwenda nalo.

Asubuhi shati lilikuwa kwenye kiti, mwenye shati hayupo. Tulipofika kibandani kwake tukakuta kufuli. Simu yake iliita mpaka ikakatika. Dada alisimama mbele ya lile kufuli akiitikia salamu za wapita njia, akigeuka kila aliposikia hatua za mtu, mpaka nikamwambia muda umefika.

Ofisini alisema peke yake, bila mume. Nilikuwa nje ya dirisha, nikasikia.

"Sauti hiyo imetoka jikoni kwangu. Mlango unaolia humo ni wangu. Aliyeitoa ni mume wangu."

Mtunza vifaa alichukua funguo zake akatoka bila kumtazama. Hakuwa amesahau ule ukimya wa jana. Mkuu naye alimshukuru dada kwa ukweli wake, na kwa sauti ileile ya shukrani akamwambia kwamba kwa sasa asiguse mtumbwi. Arudi kwenye chai.

"Mpaka lini?" dada aliuliza.

"Filimbi, nielewe. Siwezi kumweka ziwani mtu ambaye nyumbani kwake..." Hakuimaliza sentensi.

Shemeji alirudi nyumbani baada ya kuhojiwa na kunyang'anywa simu. Hakugomba. Alikaa, akasema kwa huzuni ya kweli kabisa, "Umeniuza, mke wangu."

Dada alimwekea chakula.

Hawakuachana. Watoto wako shule, nyumba waliijenga wote wawili, tofali kwa tofali. Shemeji bado anachekesha na wageni bado wanacheka. Mimi mwenyewe hujikuta nimecheka, kisha najichukia njia nzima. Juzi alinivuta pembeni.

"Shemeji, dadako hapigi tena mluzi. Mwambie apige japo kidogo, nyumba imekuwa kama ina msiba."

Nilimfikishia dada. Alikuwa anasuuza vikombe, mgongo kwangu.

"Nikipiga humu ndani," alisema, "sijui nampigia nani."

Akafunga bomba, akafuta mikono, akatoka kwenda kuanua nguo.