Nilitoa kufuli kwa heshima ya mama mkwe, nusura nimuue rafiki yangu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Niko Minnesota, hapa Maple Grove, mwaka wa kumi na tatu sasa. Ninachoandika hakina chumvi. Wife kakisoma kabla sijapost na kafuta sehemu moja tu, ile niliyotaja umri wa mama yake.

Nitajitahidi kufupisha, japo wanaonijua wanajua breki zangu.

Mimi ni mwindaji. Aliyeniingiza huko ni Mutua, Mkenya, Mkamba wa Machakos, nurse, anakaa Columbia Heights. Kila November tunaingia porini pamoja kutafuta kulungu. Huyu jamaa ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sina hata koti la baridi, kwa hiyo mkisikia namwita ndugu msidhani natania.

Risasi za dukani zikawa zinanichosha, mara zipo mara hazipo. Nikaamua nitengeneze chumba cha ku-reload kwenye basement.

Kwa wasiojua: ganda la risasi likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unalirudishia umbo, unaweka kiwashio kipya nyuma, unapima baruti, unakandamizia kichwa juu. Imekuwa risasi mpya.

Wife hakupenda. Tukakubaliana: bunduki ndani ya safe, chumba kina kufuli, ufunguo ninao mimi tu.

Nilikitengeneza chumba kile kwa mapenzi, wakuu. Meza ya mbao nzito niliichonga mwenyewe, nikaweka mashine, mizani, taa nzuri. Kazini mimi ni mtu wa quality, natengeneza vifaa vya hospitali. Kule kitu kisicho na label hakipiti mbele yangu.

Sasa nyumbani.

Nina baruti aina mbili, moja ya bastola inayowaka haraka, nyingine ya rifle inayowaka polepole. Kila moja inakuja kwenye chombo chake kimeandikwa kila kitu. Lakini nikimaliza kazi, inayobaki kwenye mashine nilikuwa naona uvivu kuirudisha kule. Naimimina kwenye makopo ya siagi ya karanga yaliyoisha. Nabandika utepe, moja P ya pistol, yaani bastola, jingine R ya rifle.

Mnajua tulivyo. Kwetu kopo zuri halitupwi. Fungua freezer ya Mbongo yeyote huku, kopo la ice cream ndani lina maharage.

April akaja mama mkwe kutoka Kilosa. Miezi sita.

Chumba cha wageni kiko basement, mlango kwa mlango na chumba changu. Siku ya tatu akaliona kufuli. Kwangu hakusema kitu. Akamwambia binti yake, "Mlango wa kufuli ndani ya nyumba ya familia? Mimi nimezoea kuuona dukani."

Wife akaniletea maneno yale akicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu kweli. Mama wa watu kasafiri bara na bara, mkwe wake anamfungia milango kama mwizi.

Kumweleza kilichomo sikuweza. Mama mkwe wangu na mimi ni shikamoo, marahaba, umeamkaje, basi. Nianze kumsimulia mambo ya baruti?

Nikalitoa kufuli. Nikajipa moyo kwamba bunduki ziko kwenye safe.

Huku nyuma Mama alikuwa anakonda kwa upweke. Sisi tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, Neema binti yetu anakwenda shule, Mama anabaki na TV asiyoielewa na microwave inayopiga kelele. Neema anaelewa Kiswahili ila anajibu Kiingereza. Siku moja akaniambia, "Dad, Bibi talks to the fridge."

Iliniuma. Theluji ilipoisha nikamtengenezea Mama tuta la bustani nyuma ya nyumba, nikamwahidi kumletea mbegu za mchicha.

Nikasahau.

Mwanzoni mwa June Mutua akasema anataka kwenda range, uwanja wa kulengea shabaha, rifle yake imekaa muda. Jumatano nikamtengenezea risasi ishirini, baruti kutoka kopo la R. Wakuu, niliona punje zake hazifanani sana. Niliona. Nikasema labda ni taa. Kazini mtu angefanya vile ningemwandikia warning siku hiyohiyo.

Kopo la P halikuwepo mezani. Nikasema labda iliisha.

Ijumaa Mutua akapita kuchukua boksi lake.

Jumamosi asubuhi nipo nje na chai yangu, Mama akaniita bustanini. Tuta limelimwa safi, limemwagiliwa, hakuna jani hata moja.

"Baba Neema, mbegu zenu za huku mbona hazioti? Wiki mbili hizi namwagilia."

"Mbegu zipi, Mama?"

"Si zile za kwenye makopo kule chini? Uliniahidi, nikajua ndizo hizo. Yalikuwa mawili nusu nusu, nikazichanganya kwenye moja, lile jingine nimewekea pilipili. Nimepanda konzi moja tu, nyingine nimekuachia."

Msimcheke. Baruti ile ni punje ndogo nyeusi zinazong'aa. Weka mbegu za mchicha pembeni yake, hata mimi nitasita.

Ila mimi pale nilikuwa nimeshaacha kusikia. Baruti ya bastola ndani ya risasi za rifle, wakuu, hiyo haipigi risasi. Inaipasua bunduki, na bunduki wakati huo iko shavuni kwa mtu.

Nikampigia Mutua. Haipokelewi. Tena. Tena. Nikapiga simu ya range, ikajibu mashine.

Nikaingia kwenye gari na ndala miguuni. Range iko kusini, upande wa Savage. Nikaishika barabara kuu ya 169 moja kwa moja, napiga simu njia nzima, nasali sala za utotoni ambazo sikujua kama bado ninazo. Nilikuwa namwona mkewe. Nilikuwa najiuliza nitaanza na neno gani.

Nafika, milio ya bunduki inasikika hadi barabarani. Kila mlio nahisi ni yeye.

Gari yake ilikuwa imepaki kivulini. Mutua yuko ndani, kiti kimelazwa, mdomo wazi. Nikasogea kiooni. Halafu nikasikia anakoroma.

Nikagonga kioo kama polisi.

"Ai, wewe tena? Nilikuwa nime-doze five minutes tu. Hiyo night shift ilinimaliza."

"Umepiga?"

"Kupiga nini na bado sijatoka kwa gari?"

Nikakaa chini kwenye lami nikalia, mtu mzima na ndala zangu. Nikamweleza yote. Akatoa boksi kwenye begi akaniwekea mapajani, zote ishirini.

"Nilikuwa nianze na hizi," akasema. Halafu, "Aki, usiwahi nipea kitu ya kopo tena."

Nyumbani wife akasema nisimwambie mama yake, atataka ndege ya kesho. Nilikaribia kukubali. Lakini kunyamaza kwa heshima ndiko kulikotufikisha pale.

Nikakaa na Mama jikoni. Nikamwambia yote, mbegu zile ni nini, na Mutua alikuwa wapi. Nikamwambia kosa ni langu, si lake, na nilimaanisha. Aliinuka. Akashuka chini, nikadhani kaenda kufunga mizigo.

Akarudi na kufuli. Nililiacha juu ya kabati, yeye akalitunza kwenye khanga zake.

"Funga, mwanangu. Mimi sikuchukia kufuli. Nilichukia kutokuambiwa."

Wakuu, somo mmeshaliona. Baruti ikae kwenye chombo chake ilichokuja nacho, mezani iwe aina moja tu, mlango ufungwe, na risasi ulizotengeneza mwenyewe usimpe mtu. Zile ishirini nilizivunja moja moja. Udongo wa tuta lile nikaubadilisha wote.

Ila adabu isiyo na maneno nayo ni hatari, na hiyo haina label.

Mlio na wakwe ndani, nyumbani au ughaibuni, mnaambianaje mambo mazito? Nifundisheni. Matusi pia nayapokea, ila Mama muacheni.

Mbegu za kweli nilizinunua Jumatatu yake. Jana zimeota. Mutua anakuja Jumapili, na Mama kasema mchicha ule ukikomaa, sahani ya kwanza ni yake.