Mbuta wa Kilo Arobaini na Moja

Nambozo tulimcheka siku nzima, na mimi Madinah, mkausha samaki wa Masese, kando ya ziwa, ndiye niliyeanza. Sifichi.

Mwaka tisini na nane chama cha wavuvi kilimleta kutoka Mbale na kompyuta ya mkononi, kidude cha kuenea kiganjani. Programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya C, kwa ajili ya magunia ya kahawa ya kwao. Ilitunza uzito wa mzigo wa kila mtu kwa gramu, karani asipate mwanya wa kupunja. Kidude hicho chetu kilikuwa mashine ya aina nyingine, si kama ile ya Mbale, naye akasema haidhuru, C inahamia popote. Maneno ya wasomi hayo.

Tena alituamkia kwa Kiswahili, maana baba yake alikuwa askari na yeye kakulia kambini. Jamani! Hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya jeshi; mtu wa Kiswahili akisimama kwenye mizani, watu wanakumbuka wanajeshi waliojichukulia samaki bila hata asante. Muzafaru, mwenye mitumbwi miwili, akamwambia, "Afande, tutaujaribu mtambo wako. Ukitupunja, urudi nao kwenu."

Samaki wadogo walipita vizuri. Akaja mbuta wa Muzafaru, sangara wa kilo arobaini na moja. Nambozo akabonyeza uzito huo kwa gramu. Mashine ikaandika hasi 24,536.

"Huyu ni mwepesi kuliko hewa," Muzafaru akasema. "Afande, mshike asiruke." Nilicheka mpaka kitambaa kikanivuka kichwani. Muzafaru akampa siku mbili za kuirekebisha, basi.

Jioni Nambozo alinieleza. Mashine ya Mbale huzipa namba nafasi pana. Yetu ilizipa nafasi finyu, na uzito ukipita gramu elfu thelathini na mbili na kitu, namba inageuka hasi. "Sikupima kwanza. Nilidhani mashine zote ni sawa," akasema. "Kosa ni langu." Sikuwa nimewahi kumsikia msomi akisema hivyo, nikamhurumia kweli.

Alirudi kwake Nkoma, Mbale, alikokuwa na kompyuta kubwa. Hakuiandika programu upya. Aliongeza ukurasa mmoja mwanzoni, wa kuiambia kila mashine namba za uzito zipewe nafasi gani. Kurasa nyingine zote zikabaki zilezile kwa mashine zote mbili.

Siku ya tatu Muzafaru alimngoja na mbuta wa kilo hamsini na mbili, makusudi. Nambozo hakuigusa mashine. Akampa. "Bonyeza mwenyewe, mzee."

Akabonyeza kwa kidole chenye magamba. 52,000. Akafuta, akabonyeza tena. 52,000.

"Na kahawa ya Mbale bado inapita?"

"Inapita. Programu ni moja."

Muzafaru akamrudishia mashine kwa mikono miwili. "Basi kaa hapa, binti yangu. Na wavuvi wa ng'ambo kule wanapunjwa vilevile, nao wanakuhitaji."

Alikaa miaka sita.