Baba Yuko Kwenye Marekani

Baba yangu aliuza marekani. Nasema kitambaa, si nchi. Kile kizito cha pamba, cheupe kisichotakata, ambacho mafundi tunashonea mifuko ya ndani na watengeneza magodoro wanavalisha magodoro yao. Zamani kilitoka kwa Wamarekani, watu wakakiita kwa jina la wenyewe, jina likaganda. Siku hizi kinafumwa popote, lakini nani ana muda wa kukibatiza upya? Mbona mahindi tunatafuna kila siku na hakuna anayemkumbuka Mhindi.

Alizunguka duka hadi duka, jora begani, akichechemea kidogo. Hakumpunja mtu. Alipopima alivuta kitambaa kutoka puani hadi ncha ya vidole, halafu akaongeza shubiri moja, akisema hiyo ni ya mkasi mlevi. Ndio utani pekee niliowahi kumsikia nao.

Nilipopata kazi kwenye karakana ya mama mmoja tuliyemwita Madamu, wenzangu waliniuliza baba yangu yuko wapi. Nikajibu, pini zimenijaa mdomoni, kwamba yuko kwenye marekani. Wao wakasikia yuko Marekani. Basi, mambo yakabadilika. Madamu akanihamishia cherehani ya dirishani, ile ya umeme, ambayo watu walikuwa wakiigombea. Ningeweza kusahihisha kabla sijatema pini ya mwisho. Sikusahihisha. Wiki ya pili nilikuwa nawasimulia baridi ya huko, ungedhani mimi ndiye niliyetetemeka. Mimi huyu, ulimi wangu huu huu!

Nilijua wakigundua nitarudishwa kukata nyuzi na kushona vifungo, tena nitachekwa mpaka nihame mtaa. Kwa hiyo nikamwambia baba asijisumbue kupita kwetu, mafundi wa pale hawanunui marekani. Akaniamini.

Kumbe Madamu mwenyewe alimwagiza. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, baba akaingia na jora lake, shati limelowa jasho mgongoni. Aliponiona uso ukamchanua. Nikainuka kama ninavyomwinukia mtu mzima yeyote.

“Shikamoo, mzee,” nikasema.

Mzee! Kabla hajaitika, Madamu akadakia kwa majivuno kwamba huyu fundi wake asimwone hivi hivi, baba yake yuko Marekani. Baba akalitazama jora lake, kisha akanitazama mimi. Neno moja tu lilitosha, na muda nilikuwa nao. Nikaketi nikashika gurudumu la cherehani.

“Marahaba, fundi,” akasema.

Tangu nijue kuongea alikuwa akiniitikia “marahaba, mwanangu”.

Akapima kitambaa, akaongeza shubiri yake, safari hii bila utani. Madamu akataka kujua kama na yeye anaona nina mkono mzuri. Baba akaokota mfuko niliokuwa nimeushona, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, mwanzo hadi mwisho.

“Umenyooka,” akasema. “Baba yake akiuona huko aliko, atafurahi.”

Akajitwika jora, akatoka. Sikumfuata. Nilijichoma sindano, nikashukuru, maana nilipata kisingizio cha machozi.

Jioni nilirudi nyumbani nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Ningelipokea. Yeye alikuwa anakula, akauliza tu kama mvua imefika upande wa kazini. Nilitaka kupiga magoti niombe radhi, aibu ikanizuia. Nikaishia kumwamkia, safari hii kwa jina lake: shikamoo, baba.

“Marahaba, fundi.”

Huu ni mwaka wa sita ananiitikia hivyo, hata mbele ya wageni. Mama hucheka kwa furaha. Anadhani mumewe anajivunia kazi yangu.